CPR inafanyika ila mgonjwa harudi: tafuta shida hapa

Hii nawaandikia hasa manesi, matabibu na madaktari wa wodini na casualty, watu ambao CPR (kubonyeza kifua na kumpa pumzi mtu ambaye moyo umesimama) mnaijua, cheti mnacho, ila mkiipiga kwa mgonjwa halisi mnaona kama mnapiga maji ukutani. Wa mtaani pia kuna vipande vyenu humu ndani. Kwa ninavyoona mimi, shida mara nyingi sio dawa wala mashine wala "siku yake imefika", shida ni mikono na sekunde zinazoyeyuka bila mtu yeyote kuzihesabu.

Kwanza vipimo, maana huwezi kujua kitu kimeharibika kama hujui kilitakiwa kiweje. Kwa mtu mzima kifua kishuke angalau sentimita 5 na kisizidi 6, mwendo 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kirudi juu chote kila ukibonyeza, ukisimama usizidishe sekunde 10, pumzi 2 kila baada ya kubonyeza mara 30 kama hajawekewa tyubu (bomba la hewa linalopitishwa kooni), na akishawekewa tyubu ni pumzi moja kila sekunde 6 huku kubonyeza hakusimami. Na ukumbuke hata ukifanya vizuri kabisa moyo wenyewe unapata kama asilimia 10 hadi 30 tu ya damu yake ya kawaida, ubongo asilimia 30 hadi 40. Yaani mnaanza na kidogo, hamna cha kuchezea hapo.

Dalili: "Anapumua huyo, si mnasikia anakoroma"

Hii ndo inaua watu wengi mtaani kabla hata mkono haujafika kifuani. Mtu kadondoka, haitiki ukimwita, haitiki ukimfinya, ila kila baada ya muda anavuta pumzi moja ya kukoroma kama samaki aliyetolewa majini, mdomo wazi, halafu kimya. Watu wanasema muacheni anapumua, mpepeeni. Hapana. Hiyo ni pumzi ya mwisho mwisho inayotoka kwenye shina la ubongo, moyo umeshasimama. Wengine moyo ukisimama tu wanatikisika kidogo kama wenye kifafa, basi watu wanaanza kutafuta kijiko cha kumuwekea mdomoni (hata mwenye kifafa kweli hawekewi kijiko, lakini hiyo siku nyingine).

Kanuni ni hii: haitiki, na hapumui kawaida, anza kubonyeza. Usipoteze muda kutafuta mapigo kama wewe sio mtu wa afya, na hata kama ni mtu wa afya una sekunde 10 tu, ukiwa na wasiwasi hesabu kwamba hayapo. Ukimbonyeza mtu ambaye moyo wake unapiga madhara yake ni madogo sana, atakusukuma mkono mwenyewe. Ila mwenye moyo uliosimama kwa mdundo ule wa kutetemeka, kila dakika inayopita bila CPR wala shoti (umeme wa mashine ya kustua moyo) nafasi yake ya kupona inashuka kwa kama asilimia 7 hadi 10.

Dalili: kifua hakishuki vya kutosha

Angalia chini ya mgonjwa kabla hujamlaumu anayebonyeza. Wodi zetu nyingi zina godoro la sponji lenye kava la rekisini, na sponji ikishazeeka ukibonyeza sentimita 5 nusu yake inakula godoro, mgongo ndo unaoshuka, kifua kiko palepale. Tena kuna vile vifaa vinavyowekwa kifuani kupima kina, vile vya aina nyingi vinahesabu na mshuko wa godoro humo humo, kwa hiyo vinakwambia safi wakati sio safi. Weka ubao chini ya mgongo, kama kitanda kina kile kibao cha kichwani kinachochomoka kichomoe ukitumie. Godoro la upepo litoe upepo. Ila usianze kumshusha mgonjwa wa wodini sakafuni, mtapoteza dakika nzima, mtachomoa dripu na mtapata kazi ya kumpandisha tena. Nyumbani ni tofauti: kama mtu kazimikia kitandani kwenye godoro nene, na mko wawili watatu, mvuteni chini kwenye sakafu mara moja muanze.

Sababu ya pili ni kimo. Mbonyezaji akiwa mfupi na kitanda kiko juu, anatumia misuli ya mikono badala ya uzito wa mwili, viwiko vinakunjika, dakika moja tu kaisha. Mabega yanatakiwa yawe juu kabisa ya viganja na mikono iwe imenyooka. Shusha kitanda, na kama hakishuki (vingi havishuki, tunajuana) tafuta kitu cha kupanda. Kreti la soda lililogeuzwa linafanya kazi nzuri kuliko unavyodhani, lina uso mpana na halitelezi kwenye terazo. Usipande boksi la dripu, linabonyea ukiwa katikati ya kazi. Kreti likae chini ya troli ya dharura muda wote, sio likatafutwe kantini.

Ya tatu ni woga wa kuvunja mbavu. Zinavunjika ndio, kwa wazee hasa, na utausikia ule mlio chini ya kiganja na utatamani kuacha. Usiache. Hakikisha tu kiganja kiko katikati, nusu ya chini ya mfupa wa kidari, hakijateleza pembeni wala hakijashuka kwenye ncha ya mfupa kule chini karibu na tumbo, halafu endelea kwa kina kilekile. Mbavu inaunga.

Ya nne ni uchovu, na hapa msimwamini anayesema "bado nipo vizuri". Kina kinaanza kushuka kabla mwenyewe hajajihisi kachoka, hiyo imepimwa mara nyingi tu. Dakika 2 zikiisha anatoka hata kama ni baunsa wa getini.

Dalili: kifua kinashuka ila hakirudi juu

Hii ndo shida isiyoonekana, ukisimama miguuni mwa kitanda utaona mtu anabonyeza kwa nguvu kweli kweli na utampongeza. Sogea pembeni, inama macho yawe usawa wa kifua, ndo utaona amemlalia mgonjwa. Kila akitakiwa kuachia anabaki na uzito kidogo pale. Sasa damu inarudi kwenye moyo wakati kifua kinapanuka, na misuli ya moyo yenyewe inapata damu yake wakati huo huo wa kuachia, sio wakati wa kubonyeza. Ukimlalia umeziba pande zote mbili.

Dawa yake: aliye pembeni amwambie kwa sauti "achia juu, sista, achia juu" kila anapoona. Mbonyezaji ainue kiganja kidogo sana kiasi ngozi bado inagusana, hapo uzito wote unatoka. Kama bado analala, basi kachoka au yuko chini sana, mbadilishe au mpandishe.

Dalili: mnaenda mbio

Adrenalini ya kwanza kuingia kwenye mishipa huwa ni ya mbonyezaji. Utakuta mtu anapiga 140 kwa dakika, na akishapita 120 kina kinapungua chenyewe na kifua hakipati muda wa kujaa. Wengi wamefundishwa wabonyeze kwa kufuata wimbo fulani kichwani, sio mbaya, ila ukiwa na hofu hata wimbo unauimba haraka. Weka metronomu (ile inayogonga tik tik kwa mwendo uleule) kwenye simu, programu za bure ziko nyingi, iache kwenye 110, sauti juu kabisa, simu ikae kwenye troli ya dharura. Hakuna kifaa cha bei rahisi kuliko hiki kinachoboresha CPR, na bado watu hawakitumii sijui kwa nini.

Dalili: mikono inatoka kifuani kila saa

Hapa tukae kidogo, maana ndo penye pesa.

Ukibonyeza mara moja presha haipandi mara moja. Ni kama pampu ya mkono ya kisima, unapampu kadhaa maji ndo yanaanza kufika juu, ukiachia yanarudi chini, na ukianza tena unaanza kupandisha upya. Presha inayosukuma damu kwenye mishipa ya moyo inajengwa taratibu kwa mikandamizo mfululizo na inaanguka ndani ya sekunde chache ukisimama. Kwa hiyo kusimama sekunde 15 hujapoteza sekunde 15 tu, umepoteza na zile za kupandisha tena.

Na tusidhani ni shida ya kwetu tu. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti wa wahudumu wa ambulensi wa Stockholm, London na Akershus kule Norway, watu wenye mafunzo na vifaa, wakapimwa kwa mashine: asilimia 48 ya muda ambao mgonjwa hana mzunguko wa damu hakuna aliyekuwa anabonyeza. Karibu nusu. Na ukiwauliza wangekwambia tulikuwa tunabonyeza muda wote.

Sasa fanyeni hesabu yenu. Mzunguko wa dakika 2 ni sekunde 120. Mmesimama kutafuta mapigo shingoni sekunde 16 kwa sababu watatu wanabishana "mimi nayasikia", "hapana hayo ya kwako". Kubadilishana mbonyezaji sekunde 8 maana anayeingia alikuwa anavaa glavu. Kuchaji mashine na kupiga shoti sekunde 18, wote mikono juu mnaitazama monita. Jumla 42, imebaki 78, ambayo ni asilimia 65 ya muda. Kiwango cha chini kabisa kinachokubalika ni 60 na timu nzuri zinavuka 80. Na hapo hamjaweka tyubu bado.

Kurekebisha, mtu mmoja awe na saa na kalamu, asiguse kitu kingine chochote, hata akiwa ni mwanafunzi wa nesi wa mwaka wa kwanza mpeni hiyo kazi na mumheshimu. Kwenye dakika 1 na sekunde 45 anasema:

"Dokta, zimebaki kumi na tano. Chaji."

Mashine inachajiwa huku mbonyezaji anaendelea, hapigwi na umeme kwa kuchaji, anapigwa kwa shoti. Anayeingia kubonyeza ameshasimama upande wa pili wa kitanda, glavu ziko mkononi, viganja viko hewani juu ya kifua. Anayetafuta mapigo ameshaweka vidole kwenye paja au shingo kabla hatujasimama. Ndo mnasimama: mdundo unasomwa, mapigo yanapimwa, mwenye saa anahesabu kwa sauti "moja, mbili, tatu...", kama ni wa shoti wote mnatoka, shoti, na yule mpya anashuka na mikono yake palepale. Akifika "saba" mikono iwe imesharudi kifuani. Baada ya shoti usitazame monita, usishike shingo, bonyeza dakika 2 nzima, kwa sababu moyo hata ukirudi kwenye mdundo mzuri bado ni mdhaifu kusukuma damu wenyewe hapo mwanzo.

Tyubu nayo. Anayeweka tyubu aingize laringoskopu (kifaa chenye taa cha kuonea kooni) huku kifua kinaendelea kubonyezwa, asimamishe tu pale bomba linapopita kwenye koo la sauti, sekunde 5, 10 mwisho. Ikishindikana rudi kwenye ambu (mfuko wa kuminya unaosukuma hewa) na barakoa. Ni vigumu mgonjwa afe kwa kukosa tyubu dakika za mwanzo wakati ambu inampandisha kifua, ila wapo wengi waliosimamishiwa CPR dakika nzima kwa sababu ya heshima ya anayeweka tyubu.

Dalili: tumbo linavimba, au kifua hakipandi ukiminya ambu

Tumbo likivimba unapuliza kwa nguvu mno, au mengi mno, au kichwa hakijainuka. Ambu ya mtu mzima inabeba hewa nyingi kuliko anayohitaji, unaminya kama theluthi kwa mkono mmoja, sekunde moja, kifua kikianza kupanda tu inatosha. Kifua hakipandi kabisa? Rekebisha kichwa upya, weka kifaa cha kuzuia ulimi, angalia mdomoni kama kuna matapishi au meno ya bandia, halafu wekeni watu wawili: mmoja barakoa kwa mikono yote miwili, mwingine anaminya. Mkono mmoja kwenye barakoa ya mtu mwenye ndevu unavujisha tu.

Kasi ni tatizo kubwa zaidi. Milwaukee, Marekani, mwaka 2004 watafiti waliwafuata wahudumu wa ambulensi wakakuta wanapuliza wastani wa mara 30 kwa dakika kwa mgonjwa mwenye tyubu, mara tatu ya inayotakiwa, wakaenda maabara wakajaribu kwa nguruwe na wale waliopulizwa sana wakafa zaidi. Hewa nyingi kifuani inabana mishipa inayorudisha damu kwenye moyo. Anayeminya ambu awe anahesabu kimoyomoyo moja mpaka sita, halafu aminye. Mkono ukiwa hauna kazi unajiminyia tu wenyewe, kwa hiyo mpe cha kuhesabu.

Dalili: kapnografia iko chini ya 10 (mmHg)

Kama mnayo hiyo mashine inayopima kaboni dioksidi kwenye pumzi anayotoa mgonjwa, mna bahati, itumieni. Namba ikikaa chini ya 10 kwenye mgonjwa mwenye tyubu, hakikisha kwanza tyubu iko kwenye njia ya hewa, halafu rudi juu ya ukurasa huu: kina, kulalia, kasi ya pumzi, uchovu. Badilisha mbonyezaji uone kama inapanda, mara nyingi inapanda hapohapo na aliyetoka ananuna, mwache anune. Lengo ni 20 kwenda juu. Ikiruka ghafla mpaka 35 au 40 yawezekana moyo umerudi, malizia mzunguko wako ndo upime.

Hamna mashine? Basi msidanganywe na mapigo ya kwenye paja wakati wa kubonyeza, yale yanaweza kuwa ya mshipa wa kurudisha damu. Mtazamaji wa pembeni ndo mashine yenu.

Dalili: AED (mashine ya shoti inayosoma mdundo yenyewe) inagoma, au inasema shoti haihitajiki

Inalalamika kuhusu pedi: kifua kina jasho, kifute kikauke, nywele nyingi, nyoa fasta au bandika pedi ukaing'oe ubandike nyingine kama zipo, kuna plasta ya dawa pale, itoe. Aliyetolewa kwenye maji mkaushe kifua tu. Ikisema shoti haihitajiki haijasema amepona wala haijasema amekufa, imesema tu mdundo huu sio wa kupigwa umeme, rudi kifuani mara moja. Watu wengi wanaiacha hapo na kuanza kutazamana.

Dalili: kila kitu kiko sawa na bado

Hapo CPR yako haina kosa, kuna kitu kinachoshikilia moyo. Damu imeisha, mama kajifungua leo asubuhi, angalieni chini ya shuka. Hewa imejaa upande mmoja wa kifua. Potasiamu iko juu kwa mgonjwa wa figo aliyekosa dayalisisi. Sumu, dawa ya shambani. Bonge la damu limeziba mapafu. Mjamzito ambaye tumbo limefika kitovuni au limepita, mtu mmoja asukume tumbo lote kwenda kushoto kwa mikono muda wote, maana mfuko wa uzazi unakandamiza mshipa mkubwa, na timu ya upasuaji ianze kujiandaa sasa hivi, mtoto atolewe ndani ya dakika 5 palepale kitandani, sio msafara wa kwenda theatre.

Aliyezama majini, na sisi wa pwani tunawapata hawa, yeye tatizo lilianza kwenye hewa, kwa hiyo kubonyeza peke yake hakutoshi, anza na pumzi halafu endelea 30 kwa 2. Watoto vivyo hivyo, wengi wanaanza kwa kukosa hewa. Kina chao ni theluthi ya kifua, na mkiwa wataalamu wawili ni 15 kwa 2.

Na msiache mapema bila kuwa na sababu. Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa aliyekuwa anachezea timu ya Bolton ya Uingereza, alidondoka uwanjani White Hart Lane tarehe 17 Machi 2012, daktari wa moyo aliyekuwa jukwaani anaangalia mechi akashuka kusaidia, shoti zikapigwa 15 kati ya uwanjani na kwenye ambulensi, moyo ukakaa dakika 78 ndo ukapiga tena wenyewe. Alipona. Kilichombeba ni kwamba alianza kubonyezwa palepale alipodondokea na hawakumwachia. Sio kila mtu atakuwa Muamba, ila CPR mbovu ya dakika 40 haikupi haki ya kusema "tulijaribu sana".

Dalili: mlifundishwa mwaka jana na bado mnafanya vibaya

Ni kawaida kabisa, na jibu lake limepatikana hapahapa Tanzania. Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, wakunga walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Kwenye doli walifanya vizuri hata miezi kadhaa baadaye, ila chumba cha kuzalia hakuna kilichobadilika. Baadaye wakaweka mazoezi mafupi ya mara kwa mara kazini, doli likiwa palepale leba, na vifo vya vichanga ndani ya saa 24 vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila 1000. Ujuzi ni wa vichanga, ila tabia ya binadamu ni ileile.

Kwa hiyo acheni kusubiri semina yenye posho. Wiki hii chagueni zamu moja, dakika 5 baada ya kupokezana, mtu mmoja abonyeze dakika 2 na mwingine amtazame usawa wa kifua, metronomu 110. Hamna doli? Mto uliojazwa vipande vya godoro chakavu ukabanwa kwa kamba ndani ya mfuko wa salfeti haupimi kina ila unafundisha kusimama, kuachia na kubadilishana bila kupoteza sekunde, ambayo ndo mnayokosea. Halafu mgonjwa wa kweli akitokea, apone asipone, kaeni dakika 10 na ile karatasi ya mwenye saa mjumlishe sekunde ambazo mikono haikuwa kifuani, bila kutafutana mchawi, na mwandike namba moja tu ya kushusha safari ijayo. Ile karatasi ikae kwenye troli, chini ya laringoskopu, na mkiiweka hapo muwashe laringoskopu muone kama betri bado ipo.